Ndoo Tatu Sebuleni

Ijumaa asubuhi, akiwa amechelewa, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, Mwalimu alichana ukurasa wa daftari, akachukua kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, akaandika: "Mama, ukipata nafasi, zile ndoo tatu za sebuleni ziunganishe ziwe moja. Watu wapate pa kukaa." Akakiweka kikaratasi juu ya mfuniko wa ndoo ya kwanza, akakimbilia shuleni.

Hakuwa na nia mbaya. Kesho yake saa nne mnunuzi wa hoteli kubwa angekuja kuonja kahawa ya mumewe, na katika sebule nzima hapakuwa na mahali pa kumkalisha mtu huyo ila juu ya gunia. Sebule ilikuwa imeacha kuwa sebule mwaka mmoja uliopita. Palikuwa na mashine ya kukaangia, pipa dogo la chuma lenye mkono wa kuzungushia na jiko la gesi chini yake. Palikuwa na magunia, mizani, ungo, feni ya kupoozea punje, na kochi moja lililosimamishwa wima ukutani kwa kukosa nafasi. Wageni walipokelewa jikoni. Binti yao wa darasa la tatu alifanyia kazi zake za shule juu ya gunia, na madaftari yake yalinukia kahawa kiasi kwamba mwalimu wa darasa aliuliza kama mtoto ameshaanza kuinywa.

Angeulizwa, Mwalimu angesema alidhani punje zimo ndani ya mifuko yake ya nailoni, kila ndoo na mfuko wake, na kuiweka mifuko mitatu ndani ya ndoo moja si dhambi. Na kweli alidhani hivyo. Lakini mifuko hiyo mumewe alikuwa ameitoa Jumatatu ili punje zipumue. Alilieleza jambo hilo mezani, kwa kirefu, na Mwalimu alikuwa ameacha kusikiliza habari za punje kupumua tangu mwezi wa tatu wa biashara. Asubuhi ile hakuinua mfuniko kutazama. Hilo tu.

Mumewe mtaani walimwita Profesa. Chuo kikuu alikijua kwa kupita nje ya geti lake, lakini ukimwomba kikombe cha kahawa, alikupa mhadhara kwanza, kikombe baadaye, na kikombe kilifika kikiwa kimepoa. Mkewe, aliyesoma kweli na kufundisha hesabu kwa cheti, hakuwahi kupewa cheo kikubwa zaidi ya Mwalimu. Mhadhara wa Profesa ulikuwa mmoja: kahawa si kahawa tu. Kahawa ina shamba lake, na shamba lina udongo wake, mvua yake na mikono yake. Kuchanganya punje za mashamba mawili na kuziita jina moja, kwake, ilikuwa sawa na kuwachukua watoto wa majirani wawili na kuwapa cheti kimoja cha kuzaliwa.

Ndiyo maana ndoo zilikuwa tatu, kila moja na jina kwenye mfuniko: Mlima, Bonde, Mjane. Mlima na Bonde zilikuwa nzuri. Mjane ndiyo iliyomtoa mnunuzi hotelini kwake. Ilitoka katika kishamba cha mwanamke mmoja mjane aliyechuma mwenyewe, punje zilizoiva tu, akazianika mwenyewe na kuzigeuza kwa kiganja. Mwezi uliopita Profesa alipeleka sampuli, hoteli ikajibu kwa barua. Wakiridhika Jumamosi, wangesaini kununua mavuno yote ya mjane yajayo, yakaangwe katika nyumba hii na si nyingine.

Wasiporidhika, Jumatatu Profesa angekwenda kukaa kwenye kiti. Hayo yalikuwa makubaliano ya mume na mke: mwaka mmoja wa kahawa, na ukiisha bila mkataba, basi. Mwaka ulikuwa unaisha Jumapili. Kiti kilikuwa katika ghala la simenti la kaka yake Mwalimu, nyuma ya dirisha la nondo, na kilikuwa kimekaa kitupu muda wote huo kikimsubiri, kwa kuwa kaka mtu hakuwahi kuwa na shaka.

"Kahawa ni kahawa, shemeji," alikuwa akisema kila alipopita, akiwa amesimama mlangoni kwa kukosa pa kukaa. "Simenti ndiyo ina tofauti."

*

Mwalimu aliporudi saa kumi, alimkuta mumewe amesimama uani, uso umeelekea ukuta, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Shati lake jeupe la mikono mirefu, la pekee alilokuwa nalo, lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Alikuwa amelivaa kwenda kwa mchapaji kuchukua vibandiko vya mifuko. Bahasha ya vibandiko ilikuwa chini, karibu na miguu yake. Mia mbili, na kila kimoja kimeandikwa: Kahawa ya Mjane. Shamba moja, mikono miwili.

"Kuna nini?" Mwalimu aliuliza.

"Ingia ndani uone palivyopendeza," alisema Profesa bila kugeuka.

Ndani palipendeza kweli. Kochi lilikuwa limelazwa chini likaonekana ni kochi. Na Bibi, kama mjukuu wake alivyomwita na nyumba nzima ikafuata, alikuwa ameketi juu yake, kitambaa cha kichwa kimelegea, akipumzika kama mtu aliyestahili. Alikuwa amekuja wiki ile kumsaidia binti yake. Mbele yake palikuwa na ndoo moja imejaa hadi ukingoni. Ndoo mbili tupu zilikuwa zimeoshwa na kufudikizwa juani.

Mwalimu alikwenda moja kwa moja akainua mfuniko. Akaona punje tupu, za kijani kibichi, hakuna nailoni, zimechanganyika kama darasa baada ya kengele.  Akaurudisha mfuniko taratibu.

"Alisemaje alipokuta?" alinong'ona.

"Aliniamkia vizuri tu. Akatazama. Akaniuliza, 'Mama, umezimimina pamoja?' Nikamwambia nimezimimina, baba, hazikufika hata nusu, na vitu ni vilevile. Akaniambia, 'Asante mama, umefanya kazi kubwa.' Akatoka." Bibi alikifunga upya kitambaa chake. "Tangu hapo yuko ukutani. Kwani nimeharibu?"

Mwanamume aliyeoa hana mdomo mbele ya mama mkwe wake. Anaweza kuwa na hoja, anaweza kuwa na haki, anaweza kuwa na mnunuzi kesho saa nne, mdomo hana. Profesa aliupeleka wake ukutani.

"Ulimwambia ni nani aliyekutuma uunganishe?" Mwalimu aliuliza, sauti chini zaidi.

"Mimi ni mtoto? Nimesema nimeamua mwenyewe. Wewe bado una ndoa ya kukaa, mimi Jumatatu naondoka zangu."

"Na kile kikaratasi?"

"Nilikiacha hapohapo, juu ya ndoo. Labda nimekifagia na maganda."

Maganda yalikuwa yameshachomwa. Mwalimu alikwenda kuyatazama majivu, akayachokoa kwa kijiti, akaridhika. Kisha akaona aibu kwa kuridhika, lakini kuridhika kulikuwa kumetangulia.

*

Kumpigia mnunuzi simu aahirishe hakukuwezekana. Jumapili alikuwa anasafiri, na wakaangaji wengine walikuwa wamejipanga nyuma ya Profesa kama foleni ya maji. Kwa hiyo walitandika shuka sakafuni, wakamwaga ndoo, wakakaa chini kuchambua. Mashine haikubali chini ya nusu kilo. Mwalimu alipima punje za kijiko kimoja, akazihesabu, akazidisha.

"Punje elfu tatu," alisema. "Watu watatu, elfu moja kila mmoja. Inawezekana."

"Za Mjane ni ndogo kidogo," Profesa alieleza, na sauti yake ya mhadhara ikarudi kidogokidogo. "Mstari wake wa katikati umepinda. Rangi imeelekea buluu. Ukiwa na wasiwasi na punje, mama, iache."

"Mimi nina wasiwasi nazo zote," alisema Bibi. Hata hivyo vidole vyake, vilivyochambua maharage na mchele kwa miaka hamsini, viliwaacha wengine mbali. Mwalimu alichambua akiwa ameinamisha kichwa. Kila punje aliyoiokota ilimwambia aseme, na kila alipofungua kinywa, mumewe alikuwa anacheka na mama yake juu ya punje fulani yenye umbo la sikio. Asingewavurugia.

Jua lilipoanza kuzama walikuwa na nusu kilo na ziada kidogo. Profesa alizipitisha tena peke yake mbele ya dirisha, moja moja, akatupa nje kama themanini.

"Mpe tu kama zilivyo," Mwalimu alisema. "Nani atajua punje mbili tatu?"

Profesa alimtazama. Haikuwa hasira. Alimtazama tu, kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili, akarudi kwenye punje zake.

*

Mnunuzi alikuja saa nne kamili, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa, na kijiko chake mwenyewe ndani ya kifuko cha ngozi. Alikaa juu ya kochi. Magoti yake hayakugonga kitu, wala hakuonekana kutambua kwamba hilo ni jambo.

Profesa alikuwa amekaanga alfajiri. Mwalimu aliisikia mashine ikizunguka, akasikia punje zikianza kupasuka, ta, ta, ta-ta, na mumewe akihesabu kwa sauti ya chini. Sasa Profesa aliisaga kahawa mbele ya mgeni, akapanga vikombe vitano, akamimina maji, wote wakasubiri kimya kama wanaosubiri daktari. Mnunuzi aliuvunja utando wa juu kwa kijiko, akainusa, akachota, akavuta kwa mlio uliosikika hadi jikoni.

"Huyu hakufunzwa kwao?" Bibi alinong'ona mlangoni.

Mnunuzi alitema ndani ya kopo.

"Na anatema!"

"Mama, nyamaza."

Kikombe cha pili. Cha tatu. Alirudi cha kwanza. Aliweka kijiko chini, akakaa akiangalia sakafu, pale ambapo jana palitandikwa shuka, kana kwamba anaiona.

"Mjane yumo," alisema. "Lakini hayuko peke yake."

Akakinyanyua kijiko tena, akachota kidogo.

"Kuna kitu kimetoka juu, kina ukali kama ngozi ya ndimu. Mlimani. Na kingine kizito, kinabaki nyuma ya ulimi. Hicho ni cha bondeni. Vyote kidogo sana. Punje chache."

Mwalimu alishika fremu ya mlango. Mwaka mzima alikuwa ameamini kwamba mumewe ana wazimu wa adabu, ule usiodhuru mtu, ambao mke mwema huupa sebule na kusubiri upite. Alikuwa akiitikia "ndiyo" na "kumbe" huku akisahihisha madaftari. Na sasa mtu baki, asiyewajua, asiyeoa katika nyumba hii, alikuwa akiyasema maneno yaleyale ya Profesa, mlima kwa mlima, bonde kwa bonde, kutoka ndani ya maji meusi. Kumbe yalikuwapo. Yalikuwapo siku zote, na ilibidi yaharibike ndipo ayaamini. Alitaka kulia na alitaka kucheka.

"Ni kweli," alisema Profesa. "Zilichanganyika. Tumejaribu kuzichambua."

"Nani alichanganya?"

Bibi alijinyoosha. Mwalimu alifungua kinywa, na safari hii maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

"Mimi," alisema Profesa.

"Kwa makusudi?"

"Kwa uzembe."

Katika maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi, alichagua hilo. Mnunuzi alifuta kijiko kwa leso, akakirudisha katika kifuko chake.

"Ungenidanganya, ningekuelewa," alisema, kwa upole wa kweli. "Mwongo nina dawa yake, nampunguzia bei na namkagua kila mwezi. Nusu ya watu ninaonunua kwao ni waongo. Mzembe sina dawa yake. Nitaandikaje shamba moja kwenye menyu wakati mkaangaji hajui kilichomo ndani ya ndoo yake?" Alisimama. Mlangoni aligeuka, akasitasita. "Samahani. Hii iliyochanganyika mnauza? Nipatie robo nikanywe nyumbani. Ni tamu sana."

Profesa alimpimia robo, akaijaza kidogo kupita mstari, akamfungia. Kibandiko hakuweka.

*

Bibi alilia jikoni, akitumia ncha zote za kitambaa. "Umenifunika, baba. Mbele ya mgeni. Mwanangu wa kumzaa asingenifanyia."

"Ni ndoo tu, mama," alisema Profesa.

Hadi jioni habari zilikuwa zimewafikia ndugu wote kwa simu: mkwe amembebea mama mkwe kosa lake. Shangazi mmoja alisema wanaume wa namna hiyo wameisha. Mwalimu alizisikia sifa zile zikipita juu ya kichwa chake, moja baada ya nyingine, akaendelea kuosha vikombe vitano ambavyo vilikuwa vimeshatakata. Alijiambia atasema usiku. Usiku alijiambia mwanamume amechoka. Kesho yake asubuhi alijiambia kwamba sasa kusema kutamsaidia nani.

Jumapili kaka mtu alipita. Kwa mara ya kwanza alikaa. Alijitandaza kwenye kochi, akapangusa mto.

"Pole, shemeji. Nilikwambia, siyo kwamba nafurahi." Uso wake haukuwa umeambiwa hivyo. "Kesho saa mbili nakupitia na gari. Vaa shati la mikono mirefu, wateja wangu ni watu wa maana. Na ile mihadhara, pale dirishani, tuiache. Mtu akitaka mifuko kumi, mpe mifuko kumi."

"Sawa, shemeji," alisema Profesa.

Aliposema "sawa" hakuongeza neno hata moja. Mwalimu hakuwahi kumsikia akimaliza sentensi kwa ufupi namna ile, na ilimuuma kuliko kochi zima lilivyompendeza.

*

Shati lilikuwa moja. Mwalimu alitaka kulifua mwenyewe mchana huo, uani, karibu na ndoo mbili zilizofudikizwa. Kama kawaida yake alipekua mfuko kabla ya kulitia majini, na vidole vikagusa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Hakuhitaji kuikunjua. Mistari ya daftari aliijua, na wino mwekundu ulikuwa umepenya upande wa pili. Aliikunjua hata hivyo. "Mama, ukipata nafasi." Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa ubaoni, hakuna herufi inayoweza kusingiziwa mtu mwingine.

Ijumaa, basi. Kabla ya kwenda kusimama ukutani. Alikikuta kikaratasi, akakisoma, akakikunja, akakitia mfukoni. Akamwambia mama mkwe asante. Akakaa chini na mkewe kuchambua punje elfu tatu. Na aliposikia "nani atajua" akamtazama, akampa nafasi. Alimpa nafasi siku mbili nzima. Dunia yote ilisema alimfunika mama mkwe. Mama mkwe hakuwamo kabisa.

Mwalimu aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Kisha alimpenda mumewe kwa nguvu ambayo ilimshtua, kwa ndoa yao ya miaka kumi na moja. Halafu akamkasirikia vilevile kwa nguvu, maana mtu anayeweza kueleza udongo kwa saa nzima angeweza kusema sentensi moja tu kwa mkewe. Alibaki na mambo yote matatu mapajani kwa muda. Ndipo akalichukua shati, akalizamisha ndani ya beseni, akaliwekea jiwe juu.

*

Jumatatu saa mbili kasorobo Profesa alikuwa amesimama sebuleni kwa suruali na fulana.

"Shati langu liko wapi?"

"Limelowa," alisema Mwalimu. Yeye alikuwa ameshavaa, viatu vyote viwili miguuni.

"Tangu jana?"

"Tangu jana."

"Kaka yako yuko njiani."

"Mezani kuna karatasi yako. Umeisahau mfukoni."

Alikwenda mezani. Kikaratasi kilikuwa kimenyooshwa vizuri. Maneno ya Ijumaa yalikuwa yamepigwa mstari mmoja mnyoofu wa rula, na chini yake, kwa wino uleule mwekundu, palikuwa na neno ambalo Mwalimu huwaandikia wanafunzi wake wasioweza kuachwa waendelee: Rudia.

Profesa alilisoma neno hilo moja kwa muda mrefu sana.

"Mwaka mzima?" aliuliza.

"Mwaka mzima. Na mifuko ukiitoa tena, niambie nikiwa sina kalamu mkononi. Leo nikitoka shule nitakwenda hotelini kuuliza yule wa kijiko atarudi lini safarini. Akirudi nitamwambia ni mimi."

"Atajua nilimdanganya."

"Atajua. Si alisema mwongo ana dawa yake?"

Profesa alifungua kinywa aeleze jambo, kwa kirefu. Honi ililia nje. Bibi, ambaye siku hiyo ilikuwa yake ya kuondoka na hakuwa na haraka tena, alitoka mwenyewe hadi getini.

"Nenda tu, mwanangu," walimsikia akimwambia mtoto wake. "Leo hapatikani. Shati limelowa."

"Mama, shati ni sababu gani hiyo?"

"Ndiyo hiyo niliyopewa."

Gari liliondoka. Bibi alipita uani, akazichukua ndoo mbili, akaingia nazo, akazipanga pamoja na ile ya tatu katikati ya sebule, kila moja mbali na mwenzake, mbele ya kochi, pale hasa ambapo magoti ya mgeni yatagonga.